Herufi Isiyokuwa na Kubwa Yake

Tuseme familia ya Kirangi, iliyohama Kondoa ikakaa Sokon I jijini Arusha, imefiwa na bibi, na mjukuu amekwenda duka la steshenari kuchapisha ratiba ya mazishi. Juu ya ukurasa wanataka maneno machache ya Kirangi, ambacho wenyewe hukiandika Kɨlaangi, yote kwa herufi kubwa. Kabla ya mwaka 2006 haja hiyo isingetimizwa sawasawa, hata mchapaji angekuwa bingwa wa kazi yake.

Lugha hiyo ina irabu saba, na mbili kati yake huandikwa ɨ na ʉ. Unicode, daftari linaloipa kila herufi namba yake ndani ya kompyuta, liliipokea ʉ mapema kwa namba 0289, likaiweka katika fungu la alama za fonetiki. Mchunguzi wa matamshi hana haja na herufi kubwa. Ɨ ilikuwako, Ʉ haikuwako, hata ikapewa namba 0244 katika toleo la 5.0, mwaka huo wa 2006. Yaani ilitambuliwa kuwa sauti ya kuchunguzwa kabla haijatambuliwa kuwa herufi ya watu wanaoandika majina yao.

Mchapaji angeweza kuikata U kwa mstari. Jicho la mfiwa lingeridhika, ila kompyuta ingeona U tupu, na mwenye kulitafuta neno asingelipata. Je, huo ni uongo? Pengine ni heshima ya kuazima.

Atatokea wa kupinga: Kiswahili kiliandikwa karne nyingi kwa herufi za Kiarabu bila kila sauti kupewa alama yake, na tenzi zikasomwa. Kimaa nacho, hapo hapo Arusha, kina irabu tisa na maandishi yake ya kawaida yana tano. Hoja hii ina nguvu. Lakini msomaji wa tenzi alikuwa na lugha kinywani kabla ya kuufungua waraka. Mjukuu wa Sokon I, aliyelelewa kwa Kiswahili, huenda hana. Kwake kistari kile ndicho kinachomwambia bibi alitamkaje.

Tena, mwenye kuiombea herufi namba hutakiwa kuleta ushahidi wa matumizi, yaani maandishi yaliyokwisha kuchapwa. Ni kama kumdai mtu risiti ya bidhaa aliyonyimwa.

Herufi ikishasajiliwa haiondolewi. Kikwazo kimehamia kwingine: kibodi ya kawaida haina Ʉ, na fonti nyingine huonyesha kisanduku kitupu mahali pake. Mjukuu angali amesimama, mchapaji akiitafuta.