Kumhurumia Puma kwa Kura

Wengi wetu neno puma tunalikuta kwenye kiatu au kwenye kituo cha mafuta. Mwenye jina lake ni paka mkubwa wa mabara ya Amerika, wa rangi ya mchanga, anayepatikana kutoka Kanada hadi kusini mwa Chile. Hangurumi kama simba. Huwinda peke yake, hasa kulungu, na huwakwepa watu kiasi kwamba unaweza kuwa jirani yake miaka mingi usimwone hata siku moja. Kwa zaidi ya karne sasa, majimbo ya magharibi mwa Marekani yamekuwa yakibadilisha sheria kuhusu nani amuue, lini, na kwa njia gani. Nimezifuatilia sheria hizo kwa sababu zina swali ambalo si la Wamarekani peke yao: je, sheria iliyotungwa kwa huruma ni lazima imsaidie anayehurumiwa?

Tuanzie California. Kuanzia 1907 hadi 1963 jimbo hilo lililipa pesa kwa kila puma aliyeuawa, na zaidi ya 12,000 walikufa kwa utaratibu huo. Puma alionekana kama panya wa ghalani: mwizi wa mifugo na wa kulungu, basi. Kisha hisia zikageuka. Mwaka 1990 wapiga kura wa jimbo hilohilo walipitisha Pendekezo la 117 na kupiga marufuku kumwinda puma kwa starehe. Ndani ya maisha ya mtu mmoja, mnyama alitoka kwenye orodha ya wanaolipiwa wafe akaingia kwenye orodha ya wanaolindwa. Yeye mwenyewe hakubadilika chochote.

Washington walijaribu njia ya katikati, na kisa chao ndicho kilichonishika. Mwaka 1996 wapiga kura walikataza kumwinda puma kwa mbwa; Oregon walikuwa wamekwishafanya hivyo 1994. Hoja yao inaeleweka hata na mtoto. Kundi la mbwa linamkimbiza mnyama mpaka anapanda mti, kisha mwindaji anafika taratibu na kumlenga aliyekwama tawini. Huo nao eti ni ushindani? Watu wakasema hapana. Ni vigumu kuwalaumu.

Lakini tazama kilichofuata. Jimbo, likihofia kwamba puma watazidi, lilipunguza ada ya kibali na kurefusha msimu wa kuwinda. Vibali vikauzwa kwa makumi ya maelfu, vingi kwa watu waliokwenda porini kutafuta kulungu, wakabeba kibali cha puma mfukoni kwa kubahatisha tu. Na kuna jambo lililofichwa na picha ile ya kutisha ya mbwa. Mnyama akiwa juu ya mti, mwindaji ana nafasi ya kumtazama. Anaweza kutambua kama ni dume au jike, mkubwa au mdogo, na akitaka anawaita mbwa wake na kuondoka. Anayekutana na puma ghafla akikatiza njia ana sekunde chache. Anapiga alichokiona.

Basi idadi ya waliouawa haikushuka kama ilivyotarajiwa, na sehemu ya majike miongoni mwao ikapanda. Puma jike anaweza kuwa na watoto wakati wowote wa mwaka, na mara nyingi huwaacha mafichoni anapokwenda kuwinda. Aliyepigwa risasi akionekana yuko peke yake huenda hakuwa peke yake.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Washington, akiwemo Robert Wielgus, walieleza tatizo jingine. Dume aliyekomaa hushika eneo kubwa na kuwazuia madume vijana. Akiuawa, vijana kadhaa huja kugombea nafasi yake, na hao ndio wepesi wa kuua watoto wasio wao na kusogelea mifugo. Utafiti wao uliotoka 2013 ulihusisha uwindaji mkubwa wa mwaka mmoja na kuongezeka kwa malalamiko na mifugo iliyoshambuliwa mwaka uliofuata. Si wataalamu wote waliokubali hitimisho hilo, na ubishi haujaisha. Wazo lenyewe, hata hivyo, si geni kwetu. Dume mgeni wa simba akitwaa kundi huua watoto wa aliyemtangulia, na ndiyo sababu Tanzania iliweka kanuni kwamba simba dume anayewindwa na watalii awe amefikisha miaka sita. Kanuni hiyo haiulizi tu wangapi. Inauliza yupi.

Sasa wenye mbwa wasije wakajitakasa hapa. Mwindaji mwenye nafasi ya kuchagua mara nyingi huchagua dume kubwa kuliko yote, kwa sababu ngozi yake ndiyo ya kujivunia. Yaani anamchagua yuleyule anayewatuliza wengine. Pia sisemi kwamba mateso ya kukimbizwa na mbwa si kitu. Ni mateso, na mtu ana haki ya kuyakataa. Ninachosema ni kwamba kura ya 1996 ilijibu swali la namna ya kuua, wengi wakaamini imejibu swali la kufa. Ilimwondolea mtazamaji kitu kibaya machoni. Puma aliendelea kufa mahali pasipo na macho.

Upande wa pili nao una upofu wake. Mwaka 2023 Utah ilipitisha sheria inayomruhusu yeyote mwenye leseni ya kawaida ya uwindaji kuua puma mwaka mzima, na hata kumtega. Sababu iliyotajwa sana ni kuwaokoa kulungu. Pale hakuna yupi, wala wangapi. Mwaka 2024 Colorado, yenye puma wanaokadiriwa kuwa kati ya 3,800 na 4,400, ilipigia kura Pendekezo la 127 la kuzuia uwindaji wao kabisa. Takriban asilimia 55 walikataa. Kampeni zilijaa ugomvi wa zamani: watu wa mijini wanampenda mnyama wasiyelala naye jirani, watu wa vijijini wanadai wao ndio wenye kujua. Asiyekuwapo na lake halipo, na asiyekuwapo kwenye ugomvi huo ni puma.

Lakini wa vijijini asidharauliwe. Machi 2024 ndugu wawili walishambuliwa na puma kaskazini mwa California, na mmoja alikufa. Kilikuwa kifo cha kwanza cha aina hiyo katika jimbo hilo kwa miaka 20. Ukiitazama miaka 20, hatari ni ndogo mno. Ukiwa mzazi wa yule kijana, hesabu hiyo haina faraja yoyote. Sheria inayolinda mnyama hugawa hatari, na haiigawi sawasawa: mmoja anapata furaha ya kujua kwamba puma bado yupo duniani, mwingine anahesabu mbuzi asubuhi.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu. Mwenye kupiga kura ya kumlinda puma anadaiwa zaidi ya kura. Akubali kodi yake ijenge mazizi imara ya usiku, imfidie aliyepoteza kondoo, na iwalipe watu wa kuhesabu wanyama kila mwaka. Na mwenye kutaka kuwinda naye akubali kufungwa na hesabu hiyo. Washington wenyewe baadaye walisogea huko: waliweka mwongozo wa kuua kati ya asilimia 12 na 16 ya puma wakubwa katika kila eneo, baada ya utafiti kuonyesha kwamba puma wao huweza kuongezeka kwa takriban asilimia 14 kwa mwaka. Si sheria ya kusisimua, na hakuna atakayeiandikia bango la kampeni. Ila angalau inaanza na puma wenyewe, eneo kwa eneo, na ikikosea mwaka huu inaweza kurekebishwa mwaka ujao. Huruma isiyorudi kuangalia ilichofanya, mimi sioni inatofautianaje na ile pesa ya 1907: zote mbili zilikuwa na hakika, na hakuna iliyomuuliza puma anaishije.