Safina na Mlango Wake



Mwezi wa Februari mwaka 2025 nilikuwa nimeketi na mjukuu wangu hapa nyumbani Kariakoo tukitazama taarifa ya habari. Ndege ilikuwa imetua Nairobi na masanduku makubwa, na ndani ya masanduku hayo walikuwamo bongo 17 waliotoka Florida, nchini Marekani. Mtoto alicheka kwanza kwa sababu ya jina, maana sisi wa Dar es Salaam ndio tunaoitwa watu wa Bongo. Kisha akanyamaza kidogo, akauliza: "Babu, kama wamezaliwa Marekani, mbona wanasema wamerudi kwao? Kwao ni wapi?"

Nilifundisha walimu miaka mingi chuoni, na kila mwaka niliwaambia kwamba swali zuri la mtoto lisijibiwe kwa haraka. Basi nami nikamwambia anipe muda. Haya ninayoandika ndiyo niliyoyapata katika muda huo.

Bongo wa milimani ni mnyama mwenye kwato wa misitu ya Kenya: Aberdare, Mlima Kenya, Mau na Eburu. Rangi yake ni kahawia iliyoiva, na ubavuni ana michirizi myeupe kama aliyepakwa chokaa kwa kidole. Dume na jike wote wana pembe. Hula majani, hupenda vichaka vizito, na mtu aweza kukaa jirani na msitu wake miaka mingi asimwone hata mara moja. Katika miaka ya 1960 na 1970 wengine walinaswa, wakapelekwa katika bustani za wanyama za Marekani na Ulaya, na huko wakazaana. Nyuma yao msitu ulikatwa, mbwa wa wawindaji wakaingia, mitego ya vitanzi ikategwa. Leo waliobaki msituni hawafiki 100, na walioko nje katika bustani ni wengi kuliko wao.

Hapo ndipo penye swali. Je, waliomnasa bongo na kumfungia ugenini walitenda vema au vibaya? Wako wasemao kwamba kifungo ni afadhali kuliko kaburi, na kwamba bila bustani hizo tusingekuwa na la kurudisha. Wako pia wasemao kwamba mnyama wa msituni akitiwa ndani ya senyenge amekwisha kufa, ila bado anakula.

Mimi mwenyewe nilikuwa upande wa kwanza, na sababu yake si nzuri. Mwaka 1984, nilipokuwa kijana mwalimu katika shule moja ya wilaya ya Kisarawe, wanafunzi waliniletea mtoto wa paa, wa ile aina ndogo ya msituni, waliyemwokota baada ya shamba kuchomwa moto. Nikawaruhusu wamfuge. Tukajenga zizi la senyenge nyuma ya stoo ya shule, tukapanga zamu za maji na za majani, na wakaguzi walipokuja tuliwaonyesha kama somo la elimu ya kujitegemea. Paa akanona. Nami nikajisifu moyoni kwamba ana raha kuliko wenzake.

Siku moja ya michezo ngoma zikapigwa karibu na zizi. Paa akashtuka, akakimbia moja kwa moja, akajigonga kwenye senyenge, akavunjika shingo. Watoto walilia. Mimi niliwaambia kwamba mnyama yule alikuwa mjinga, kwa kuwa aliona senyenge kila siku na bado hakuikumbuka. Nilisema hivyo mbele ya darasa zima, nami ndiye mwalimu wao.

Miaka ilipita kabla sijajua kwamba mjinga hakuwa paa. Paa wa msituni hajiokoi kwa mbio ndefu kama swala wa mbugani. Hujiokoa kwa kurukia kichaka kilicho karibu na kupotea humo. Hiyo ndiyo akili aliyopewa. Sisi tulimpa majani, maji na hata mapenzi, lakini kichaka hatukumpa, na alipoitumia akili yake ndipo ilipomwua. Tangu hapo nimeona kwamba kumhifadhi mnyama si kuhifadhi mwili wake tu. Ukimtunza nyama, ngozi na pembe, ukamnyima mahali ambapo akili yake ina kazi, umetunza nusu yake.

Je, basi nihamie upande wa pili na kusema kila zizi ni wizi? Nilimpelekea swali hili jirani yangu auzaye kuku wa kienyeji, mzee ambaye amekaa na matenga yake Kariakoo tangu ujana. Akaniambia: "Mwalimu, mimi huachiwa mizigo ya watu kila siku. Mwenye mzigo hanipimi kwa jinsi nilivyoufunika vizuri. Hunipima jioni, anapokuja kuuchukua." Nilikwenda zangu nikifikiri kwamba mzee yule amenipita chuo.

Maana alichokisema ni tofauti kati ya mali na amana. Mwizi naye aweza kukitunza vizuri alichoiba. Mwaka 2010 wanyama hai zaidi ya mia moja, wakiwamo twiga, waliondoshwa nchini kwetu kwa ndege kupitia Uwanja wa Kilimanjaro kwenda Qatar kinyume cha sheria. Hata kama walilishwa vizuri huko, bado ni wizi. Kinachomfanya mtunzaji kuwa mwaminifu ni nia ya kurudisha, na kujitayarisha kurudisha.

Na kurudisha si jambo la siku moja. Bongo 18 waliletwa Kenya kutoka Marekani mwaka 2004, wakawekwa kwenye hifadhi karibu na Nanyuki. Hawakufunguliwa mlango wakaenda zao. Walikuwa wageni hata kwa kupe wa kwao, na baadhi yao walikufa kwa ugonjwa uletwao na kupe hao. Waliobaki wakazaa, na watoto wakazaa, kila kizazi kikifundishwa kumwona mwanadamu kwa nadra zaidi. Mwaka 2022 ndipo wa kwanza wachache walipoingizwa katika eneo la msitu lililozungushiwa uzio huko Mawingu, kwenye Mlima Kenya. Miaka kumi na minane kwa hatua moja! Hayo ndiyo malipo ya kuchukua kwa haraka.

Tena, amana hairudishwi kwenye nyumba iliyobomoka. Ndugu zetu walioko Oman wanaijua habari ya choroa wa Arabuni. Wa mwisho wa porini waliuawa mwaka 1972, lakini wengine walikuwa wametunzwa na kuzalishwa Marekani, na mwaka 1982 wakarudishwa katika jangwa la Oman kwa shangwe. Wakaongezeka hata kufikia 450 mwaka 1996. Kisha majangili wakaingia, na eneo la hifadhi likapunguzwa kwa asilimia 90. Mwaka 2007 walikuwa wamebaki 65, na UNESCO ikalifuta eneo lile katika orodha ya Urithi wa Dunia. Choroa walirudi kweli, ila waliwakuta watu hawajabadilika.

Mtu ataniambia, basi tuwatunze na kuwazalisha hapa hapa Afrika, kwenye misitu yao, tusiwape wageni. Nami ningependa iwe hivyo. Lakini nakumbuka Epulu, katika msitu wa Ituri, mashariki mwa Kongo, ambako okapi walitunzwa nchini mwao na watu waliowajua. Tarehe 24 Juni 2012 watu wenye silaha walikishambulia kituo. Waliuawa watu, wakiwamo askari wa hifadhi, na okapi wote 14 waliokuwa wakitunzwa pale wakafa. Kwa hiyo siwezi kuwalaumu walio na okapi kule Ulaya. Amana huwekwa pale penye usalama, hata kama ni mbali. Ninachowaomba ni kwamba wasisahau ni ya nani.

Wengi huzifananisha bustani hizi na safina ya Nuhu. Mfano ni mzuri, lakini tuukumbuke wote. Safina haikusifiwa kwa kuelea tu. Maji yalipopungua Nuhu aliambiwa atoke, yeye na kila kiumbe alichokuwa nacho, nao wakaijaze nchi tena. Safina isiyofunguliwa mlango ni gereza linaloelea. Nasi tulio nchi kavu tuna kazi kubwa kuliko ya Nuhu, kwa sababu gharika hii ya mashoka na vitanzi tunaileta sisi wenyewe, na sisi ndio twaweza kuipunguza.

Najua pia neno litakalosemwa nje ya kanisa: watoto wetu hawana madawati ya kutosha, nanyi mnasafirisha wanyama kwa ndege. Si neno la kudharau. Lakini msitu wa Aberdare anamoishi bongo ndio unaowapa maji watu wa Nairobi, kama vile maji tunayokunywa Dar es Salaam yatokavyo Mto Ruvu, na Ruvu hutoka milima ya Uluguru. Anayemlindia mnyama kichaka chake analinda na ndoo ya maji ya mtoto aliye dawatini.

Na sisi hatujachelewa. Tunaye minde katika misitu ya milima yetu, kama Udzungwa na Kilimanjaro, mnyama asiyepatikana nchi nyingine yoyote. Tunaye paa nunga huko Unguja, ambaye wachache wamepelekwa kisiwa kidogo cha Chumbe wapate usalama. Hao bado wana kwao. Kuwalinda sasa ni rahisi kuliko kuwangoja wajukuu wa wajukuu wao warudi kwa ndege.

Nilimjibu mjukuu wangu hivi: kwao bongo ni mahali ambapo akishtuka atapata kichaka, hata kama alizaliwa Florida. Akauliza, "Na kama kichaka kimekatwa?" Nikamwambia kwamba hapo hana kwao popote, na kosa si la waliomtunza.

Ningalipenda kuwaambia hayo wanafunzi wangu wa mwaka 1984. Kama yuko mmoja wao asomaye gazeti hili, na ajue kwamba mwalimu wake alikosea siku ile: yule paa hakuwa mjinga.