Msomaji na Neno Asilolijua

Kila mwalimu wa fasihi anaijua saa ile ambapo darasa zima limeinamia kitabu, na katikati ya ubeti linatokeza neno ambalo hakuna mwanafunzi aliyepata kulisikia, wala mwalimu mwenyewe. Swali linalozuka hapo hudhaniwa kuwa ni la msamiati tu. Mimi naliona kuwa ni swali la maadili: mtu aliyekabidhiwa kazi ya kufundisha atendeje mbele ya neno asilolijua?

Wako wasemao kwamba maana ya neno geni hukisiwa kutokana na maneno yanayolizunguka, na kwamba msomaji anayesimama kwenye kila neno hataumaliza utenzi hata mmoja. Hilo ni kweli, na asomaye riwaya kwa burudani ana haki ya kupita. Lakini kukisia ni jambo moja, na kulitoa kisio mbele ya vijana arobaini kana kwamba ni elimu ni jambo jingine kabisa. La kwanza ni njia ya kujifunza. La pili ni uongo, hata ukisemwa kwa upole na chaki mkononi.

Nalisema hili kwa kuwa nimelitenda. Miaka mingi iliyopita nilifundisha katika pwani ya kusini, na miongoni mwa wanafunzi wangu alikuwamo mtoto wa mvuvi wa Kiswere, penye ile ghuba iliyo kati ya Kilwa Masoko na Lindi. Tulikuwa tukisoma shairi la dhoruba, ambamo nahodha anawaamuru mabaharia wailegeze demani. Mimi ni mtu wa bara. Bahari niliijua vitabuni. Nilikuwa nimesoma kwamba demani ni majira ya mwishoni mwa kusi, wakati pepo zinapokuwa za taratibu. Basi nikaeleza kwamba nahodha anatamani utulivu wa majira hayo. Moyoni nilijua kwamba majira hayalegezwi. Hata hivyo niliandika ubaoni, wanafunzi wakanakili, kengele ikalia.

Haukupita muda nikafika Kiswere kwa shughuli nyingine, nikamkuta mzee mmoja akishona tanga kivulini. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, na baada ya kuzungukazunguka sana nikamwuliza. Akaishika kamba moja akanitia mkononi.

"Demani ndiyo hii, mwanangu. Ukiivuta, tanga linashika upepo. Ukiilegeza, upepo unamwagika. Dhoruba ikikukuta umeifunga, chombo kinapinduka."

Akataka kujua neno hilo nimelikuta wapi. Nikamsomea ubeti. Akaniomba niurudie, akasikiliza kwa makini, kisha akasema, "Nahodha wenu kachelewa." Na kweli, shairi zima lilihusu kuchelewa huko. Nilikuwa nimelifundisha kwa juma zima bila kuliona.

Yatupasa kujiuliza kwa nini niliona haya kumwuliza mzee yule, ilhali kufungua kamusi hakukunitia haya hata kidogo. Sina ugomvi na kamusi. Kamusi ya Johnson ya mwaka 1939 na Kamusi ya Kiswahili Sanifu iliyotolewa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili mwaka 1981 zimetufaa sana, na kamusi nzuri huzitaja maana zote mbili za demani. Kosa lilikuwa la mtu aliyeridhika na maana ya kwanza aliyokutana nayo. Ila tusisahau kwamba Kamati ya Lugha ilipoanza kazi mwaka 1930, lahaja ya Unguja ndiyo iliyokuwa msingi wa usanifishaji. Kimgao cha Kilwa na pwani yake kikabaki midomoni mwa wenyewe. Tangu hapo tumezoea kudhani kwamba neno lisilo kamusini halina mwenyewe, na kwamba mwenye neno lakini asiye na cheti hana la kumfundisha mwalimu.

Utazame Utenzi wa Vita vya Maji-Maji, uliotungwa na Abdul Karim bin Jamaliddini wa Lindi. Mwaka 1957 ulichapishwa pamoja na tafsiri ya Kiingereza ya Whiteley, na wasomi wana sababu ya kumshukuru kwa kazi hiyo. Lakini fikiri juu ya kijana wa Lindi anayekwama kwenye neno la mtunzi wa Lindi, kisha akalitafuta kwa kupitia Kiingereza kabla hajafikiri kumwuliza bibi yake nyumbani. Hapo lugha imefanyiwa safari ndefu isiyo na sababu, na bibi amenyimwa heshima yake.

Niliporudi darasani nilikiri mbele ya wanafunzi kwamba nilisema nisilolijua, nikafuta, nikaeleza habari ya kamba. Vijana walicheka kidogo, kisha wakasahihisha madaftari yao. Yule mtoto wa Kiswere hakuwa na la kusahihisha, kwa sababu neno langu hakuliandika. Nikamwita kando nikamwuliza kama alikuwa akiijua demani. Akasema aliijua tangu utotoni, katika ngalawa ya baba yake. Kwa nini basi alinyamaza?

"Mwalimu," akajibu, "nilidhani ya vitabuni ni nyingine."