Homoni si Kisingizio

Soma Mwanzo 39:7–12. Je, Yusufu alishinda kwa sababu mwili wake haukuwa na tamaa?

Mfugaji anajua kwamba ng'ombe jike asiye na mimba hutaka dume kila baada ya siku 21 hivi. Hulia, hupanda wenzake, na kwa kawaida hali hiyo huisha kabla siku haijapita. Chanzo chake kiko kichwani. Sehemu ndogo ya chini ya ubongo, haipothalamasi, hutoa homoni inayoiamsha tezi ya pituitari. Tezi hiyo hutuma homoni zake kwenye ovari, nazo ovari hutoa estrojeni inayorudi ubongoni na kuamsha hamu. Ng'ombe akikonda kwa njaa, ubongo huzuia mfuatano huo mpaka apate malisho. Muumba aliupangia uzazi wakati wake.

Homoni hiyo ya kwanza, yenye asidi amino 10, imo ndani yetu pia. Kwa hiyo kijana anayebalehe na kuhisi tamaa hajatenda dhambi. Tusimfundishe kuuchukia mwili aliopewa na Mungu.

Lakini wapo watu wazima wanaojificha nyuma ya maumbile: "Mimi ni mwanamume, ningefanyaje?" Maneno hayo husemwa hata pale binti wa shule anapopata mimba. Hakuna anayemshtaki fahali kwa kumpanda jike. Binadamu, hata hivyo, amepewa sehemu kubwa ya mbele ya ubongo, inayopima matokeo, kukumbuka ahadi na kusubiri. Kwa kijana, sehemu hiyo huendelea kukomaa hata baada ya kutimiza miaka 20. Basi mtu mzima anayemlaumu binti kwamba alimshawishi anamtwika mtoto mzigo wake mwenyewe. Homoni hueleza msukumo ulikotoka, haituchagulii njia.

Yusufu alikuwa kijana, mbali na kwao, na nyumbani hamkuwa na shahidi. Alimfikiria bwana wake aliyemwamini, akamfikiria Mungu, kisha akakimbia. Damu yake ilikuwa na homoni kama zetu, ila miguu ilifuata uamuzi aliokwisha kuufanya.

Maswali ya Kujadili: Darasa lenu linawasaidiaje vijana kuzungumza juu ya tamaa bila aibu? Je, mtu mzima anapomdhuru binti, kanisa lenu humlinda nani kwanza?