Daktari wa Simu na Hisa Zake

Mpwa wangu, ule mchoro wa bei ya hisa ulionitumia nimeuangalia kwa miwani na bila miwani. Sitakugombeza tena. Mimi nimechoka kugomba, nawe umechoka kugombezwa. Nina neno moja tu. Lisikilize hadi mwisho ndipo unijibu.

Wewe ni muuguzi. Huko Houston umemwona kwa macho yako mgonjwa wa kisukari akizungumza na daktari kwa simu na kupata dawa jioni ileile, bila kupoteza siku ya kazi. Kwa hiyo uliponunua hisa za Teladoc, kampuni ya tiba ya simu, mwanzoni mwa 2021, bei ikikaribia dola 300, hukuwa unacheza kamari. Uliamini kitu unachokijua. Hapo sina ubishi nawe. Lakini tiba ya simu ni jambo moja, hisa ya kampuni inayoiuza ni jambo jingine, na kila ukiulizwa la pili unajibu la kwanza.

Vitabu vya Teladoc viko wazi, visome. Mwaka 2020 kampuni iliingiza mapato ya dola bilioni 1.09. Mwaka 2022 yakafika kama bilioni 2.4. Biashara ilikua kama ulivyosema. Lakini mwaka huohuo wa 2022 ikapata hasara ya karibu dola bilioni 13.7! Fedha hizo hakuziiba mtu, wala hawakulipwa madaktari. Nyingi zilitokana na Livongo, kampuni ya kuwafuatilia wagonjwa wa kisukari, ambayo Teladoc iliinunua mwaka 2020 katika mapatano ya dola bilioni 18.5, wakati korona imewafungia watu ndani na kila chenye harufu ya tiba ya mtandaoni kinagombewa. Sehemu kubwa ya malipo ilikuwa hisa za Teladoc yenyewe. Pilikapilika zilipotulia, wahasibu hawakuwa na budi kuandika kwamba kilichonunuliwa hakifikii tena bei ile. Tarehe 28 Aprili 2022 hisa ikaanguka kama asilimia 40 kwa siku moja. Nawe ukaongeza nyingine, ukaniambia unashusha wastani wa bei uliyonunulia.

Wastani ulishuka kweli, na fedha iliyo hatarini ikaongezeka. Mwaka 2024 hisa hiyo ilishuka hadi chini ya dola 10. Kutoka hapo, ili irudi kwenye 300 lazima ipande zaidi ya mara 30. Hebu niambie ni biashara gani mpya itakayoibeba hivyo, ukijua bima na hospitali nyingi sasa zina daktari wao wa kwenye simu.

Najua utanitajia Amazon. Huwa unaitaja kila mara, hata kwenye arusi ya dada yako uliitaja. Ni kweli, baada ya 1999 ilipoteza zaidi ya asilimia 90 ya bei yake, wenye shaka wakacheka, kisha ikarudi na kupita. Lakini zile zilizoanguka wakati uleule zisiinuke, nani anazisimulia? Wenye nazo wamenyamaza.

Afadhali utazame ya jirani. Babylon ya Uingereza iliingia Rwanda mwaka 2016. Watu zaidi ya milioni 2 walijiandikisha, na mwananchi wa kijijini aliweza kuzungumza na muuguzi au daktari kupitia simu ya vitufe. Huduma ilikuwa na maana, hilo hakuna wa kulikana. Oktoba 2021 kampuni mama ikaingia soko la hisa la New York ikikadiriwa dola bilioni 4.2. Kufikia 2023 ilikuwa imefilisika, na huduma ya Rwanda ikafungwa nayo. Aliyetibiwa alipona kweli, na aliyeshika hisa akabaki mikono mitupu.

Hao wanaoikosoa hisa yako, unaowaita wabaya wako, hawakukuroga, mpwa wangu. Baadhi ni wachochezi, wanauza hisa za kuazima na kuomba bei ishuke, waache. Ila yupo aliyekuandikia kwa utulivu kuhusu deni la kampuni na hisa mpya inazotoa, nawe ukamjibu kwa matusi. Huyo ungemjibu kwa tarakimu. Kama tarakimu hukuwa nazo, ungenyamaza ukazitafute.

Chukua karatasi. Andika kwa nini ungeinunua hisa hii leo kama usingekuwa nayo hata moja, na usitaje popote bei uliyonunulia, kwa sababu soko haliikumbuki. Chini yake andika ni taarifa gani ikitoka utauza, na uweke tarehe. Ukishindwa kuandika hilo la pili, basi hakuna unachosubiri, unashikilia tu. Nawe ukiandika vyote viwili kwa akili timamu na bado ukataka kubaki nazo, baki. Fedha ni zako, sitasema tena.

Isipokuwa ile uliyoichota kwenye akiba ya ada ya watoto. Hiyo si yako peke yako. Nipigie Jumapili ukitoka zamu, unisomee karatasi hiyo, na mama watoto awe amekaa hapo akisikia.