Nani Mwenye Kutoa Watoto?

Mwenyezi Mungu amemuumba mwanadamu na akatia moyoni mwake mapenzi ya mtoto. Mapenzi haya hayafunzwi na mwalimu. Hata asiye na chakula cha jioni hutamani kuitwa baba, na mwanamke mwenye watoto saba humlilia wa nane aliyemzika. Si aibu wala si dhambi, kwani hata Manabii waliomba watoto. Tumetanguliza neno hili ili msomaji asidhani kuwa tunaandika kwa kuwacheka watu wa kale, au, Mungu apishe mbali, kwa kuwacheka wale ambao hawakuruzukiwa uzazi.

Mwaka 1908, katika kijiji cha Willendorf nchini Austria, karibu na mto Danube, ilichimbuliwa sanamu ndogo ya mwanamke. Urefu wake ni sentimita 11 tu. Hutosha katika kiganja cha mkono. Ni jiwe la chokaa, na lilikuwa na mabaki ya rangi nyekundu. Matiti ni makubwa, tumbo limetoka, nyonga ni pana. Lakini uso hauna, wala nyayo hazina. Wataalamu wanaikisia umri wa miaka 30,000 hivi. Uchunguzi uliotangazwa mwaka 2022 ulionyesha kuwa yamkini jiwe lenyewe lilitoka Italia ya kaskazini. Basi lilichukuliwa mwendo mrefu sana, na kitu kinachochukuliwa hivyo hakiwi kitu cha mchezo kwa mwenye kukichukua.

Mwaka 2008, katika pango la Hohle Fels nchini Ujerumani, ilionekana nyingine ya kale zaidi kuliko hiyo. Imechongwa kwa pembe ya mnyama wa jamii ya ndovu aliyekwisha toweka duniani, na urefu wake ni karibu sentimita 6. Hii haina kichwa kabisa. Mahali pa kichwa pana kipete cha kupitisha uzi. Ndugu msomaji, bila shaka umekwisha fahamu. Yamkini ilivaliwa mwilini, mfano wa hirizi.

Na Wamisri wa zama za Mafirauni walikuwa na Taweret, mwenye kiwiliwili cha kiboko na tumbo la mja mzito, na wanawake wenye mimba wakivaa visanamu vyake ili awalinde. Hata katika zama za karibu, wanawake wa Kiasante nchini Ghana waliotaka mtoto walikuwa wakibeba mgongoni kinyago cha mti kiitwacho akuaba, chenye kichwa kipana cha duara, na wakikipamba kwa shanga na kukitunza kama mtoto wa kweli. Mwenye moyo hawezi kulisikia hili la mwisho akacheka.

Je, masanamu yote haya yana maana moja? Wengi hukimbilia kusema ndiyo. Lakini wenye ilimu wamekhitalifiana. Wengine husema sanamu ya Willendorf ni alama ya uzazi, wengine husema ni alama ya shibe katika nchi ya baridi na njaa, na wengine husema ni mwanamke aliyejichonga mwenyewe kama alivyojiona alipoinamisha macho. Ile sanamu mashuhuri ya Artemis wa Efeso ina vitu vingi vya mviringo vilivyoning'inia kifuani. Huyu akasema ni matiti, yule akasema ni mayai, na wa tatu akasema ni korodani za mafahali. Hata sisi tumepata fungu letu: wako waandishi wa Kizungu waliotazama makaburi ya nguzo ya Malindi, Mambrui na Gedi, wakasema nguzo zile ni alama ya uume. Nguzo haina ulimi. Waliozikwa pale ni Waislamu, na hatuoni haja ya kumsemea maiti jambo ambalo hakuliandika.

Kwa hivyo hatutahukumu nia ya mchongaji wa miaka elfu thelathini. Jambo linalotuhusu ni moyo wa mwenye kushika jiwe. Sayyidna Umar alilibusu Jiwe Jeusi la Alkaaba, na papo hapo akatangaza kuwa analijua kuwa ni jiwe, halidhuru wala halinufaishi. Analibusu kwa kuwa alimwona Mtume akilibusu. Na katika mwaka wa 8 wa Hijra, njiani kuelekea Hunain, baadhi ya waliokuwa wageni katika Uislamu waliuona mti ambao washirikina walikuwa wakiutundikia silaha zao kutaka baraka, uitwao Dhatu Anwat. Wakamwomba Mtume (sala na amani zimshukie) nao awafanyie mti kama ule. Akaghadhibika, na akawafananisha na kaumu ya Musa walioomba waundiwe mungu. Watu hawa walikuwa wamekwisha tamka shahada, na walikuwa njiani kwenda vitani.

Sasa natutazame miji yetu. Wako miongoni mwetu wanaofunga vitambaa katika mibuyu, wanaofukiza ubani mapangoni, na wanaosimama mbele ya kaburi wakimtaka mtoto yule aliyelala ndani. Mtoto akipatikana husemwa, "Huyu ni wa pango fulani." Katika Sura ya Aaraf Mwenyezi Mungu ametupigia mfano wa mume na mke: mimba ilipokuwa nzito walimwomba Mola wao na wakaahidi kushukuru, na alipowapa mtoto mzima wakamshirikisha katika kile kile alichowapa. Na katika Sura ya Shura tumefunzwa kuwa ni Yeye ampaye amtakaye wa kike, na amtakaye wa kiume, na huwachanganyia wengine, na amtakaye humfanya asizae. Hapo hamkutajwa mbuyu wala pango.

Lakini tuulize pia, ni nani anayepelekwa pangoni? Ni mke, kila mara ni mke. Yeye ndiye anayeogeshwa kwa dawa za mganga, yeye ndiye anayeitwa tasa jikoni na wifi zake, na yeye ndiye anayeletewa mke mwenza bila ya mume kuulizwa neno lolote. Tulisema ile sanamu ya Willendorf haina uso. Hatujui kwa nini. Twajua tu kuwa ziko nyumba zetu ambamo mwanamke asiyezaa hatazamwi uso wake, hutazamwa tumbo.

Mwenye kutaka kielelezo na asome dua ya Nabii Zakaria katika Sura ya Maryam. Alipoinua mikono hakuanza na mkewe. Alianza na nafsi yake: mifupa yake imedhoofika, kichwa chake kimejaa mvi. Kisha ndipo akataja kuwa mkewe hazai. Na matabibu wa leo wanatuambia kuwa katika takriban nusu ya hali za kukosa uzazi, mume naye ana sehemu yake. Shirika la Afya la Dunia lilitangaza mwaka 2023 kuwa takriban mtu mzima 1 katika kila 6 duniani hupatwa na jambo hili katika umri wake. Kutafuta dawa ni sunna, na dua haizuii dawa. Basi mume na aende hospitali pamoja na mkewe, naye achunguzwe kama anavyochunguzwa mkewe.

Na wale wanaosema kuwa mwanamke asiye na mtoto hana cheo, watuambie watasema nini juu ya Bibi Aisha, Mama wa Waumini. Hakuzaa. Alipomwambia Mtume kuwa wenzake wote wana majina ya kuitwa kwa watoto, Mtume alimpa jina la Ummu Abdillahi, kwa mtoto wa dadake, Abdallah bin Zubair. Na baada ya kufa Mtume, masahaba wakubwa walipokwama katika mas'ala walikwenda mlangoni pake kuuliza.