Je, Kushinda kwa Sheria Kunatosha?



Kila wakati wa uchaguzi tunasikia mtu akisema: «Tumeshinda, sheria iko upande wetu, wengine wanyamaze.» Tujiulize mbele ya Mungu: je, neno hilo linatosha?

Tutazame Zanzibar, ambako misafara ilitoka na kuleta Kiswahili hadi kwenye ziwa letu. Mwezi wa Julai 1963, uhuru ukiwa karibu, watu walipiga kura. Chama cha ASP kilipata kura yapata 54 kwa mia, lakini viti 13 tu kati ya 31, kwa maana kura zake zilirundikana katika majimbo machache. ZNP ilipata viti 12, ZPPP viti 6, na hivyo viwili, vilivyokuwa na mapatano, vikatawala. Uhuru ukaja tarehe 10 Desemba. Wenye kura nyingi walibaki nje. Tarehe 12 Januari 1964 serikali ikapinduliwa, na watu wengi wakauawa, hata wasio na cheo chochote.

Hatusemi damu ile ilikuwa halali. Aliyenyimwa kiti hakupewa ruhusa ya kumwua jirani yake. Lakini tunasema hivi: sheria ilimpa mshindi kiti, haikumwondolea deni kwa ndugu yake.

Tena tusiwacheke watu wa visiwani. Katika Katanga ya 1960, CONAKAT na BALUBAKAT walikaribiana kwa viti. CONAKAT wakashika serikali ya jimbo, na wazee wetu wa kaskazini wakaona vita mwaka ule ule.

Basi tusome Matendo ya Mitume, sura ya 6. Wajane wenye kusema Kigiriki walisahauliwa katika kugawa chakula. Kanisa likachagua watu saba, na tazameni majina yao: Stefano, Filipo, Prokoro na wenzao, yote ni ya Kigiriki! Chakula kiliwekwa mikononi mwa upande ulionung'unika. Sisi mashemasi tunatoka katika nung'uniko lililosikilizwa.

Kwa hiyo, tukichagua rais wa nchi, au hata mtunza sanduku la parokia, mshindi aende kwanza nyumbani kwa aliyeshindwa, kabla ya ngoma na vigelegele. Naye aliyeshindwa amfungulie mlango.

Bwana atupe mioyo hiyo. Amina.